Meloni kwenye Ukuta wa Kaskazini

Mtu akiniambia anataka kupanda meloni Lushebere, huku Masisi, swali langu la kwanza ni hili: nyumba yako imetazama wapi? Habari za mbegu na mbolea zitakuja baadaye. Udongo wa Masisi umelisha maharagwe, viazi na mahindi miaka yote, na meloni nayo itapata chakula humo. Kinachoiua huku juu ni baridi, na baridi haitibiwi kwa mbolea.

Meloni ninayoisema si tikiti maji lenye nyama nyekundu. Ni lile tunda la mviringo, ganda lake laini lenye rangi ya siagi, nyama yake ya kijani iliyopauka, na utamu unaonata mdomoni. Kabla Wamarekani hawajaanza kuilima Colorado mwanzoni mwa karne ya 20, mbegu hiyo ilikuwa inajulikana Ufaransa na Algeria kwa jina la White Antibes. Ukikumbuka Algeria tu, umeshaelewa tabia yake: inataka jua kali, udongo wenye joto, maji kwenye mizizi, na hewa kavu wakati tunda linaiva. Mbegu yake huota vizuri udongo ukiwa na joto la nyuzi 25 hadi 32. Udongo ukishuka chini ya nyuzi 16, mbegu hukaa tu humo, ikavimba na kuoza.

Sasa tazama Lushebere. Tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi ukungu unalala bondeni, mchana jua linatoka, alasiri mawingu yanarudi kukaa juu ya vilima, na usiku watu wanajifunika blanketi hata mwezi wa kiangazi. Ni hali ya hewa inayofaa ng'ombe, kabichi na viazi. Kwa meloni, kila nyuzi moja ya joto lazima uitafute na uitunze kama mtu anayetunza makaa ya moto hadi asubuhi. Lakini inawezekana. Nyuma ya nyumba, kwa matuta mawili au matatu, inawezekana kabisa, ukikubali kuanza na ukuta.

Lushebere iko kusini mwa ikweta, kidogo tu, zaidi ya nyuzi 1. Kwa hiyo kuanzia mwisho wa Machi hadi karibu na mwisho wa Septemba, jua la saa sita linapita upande wa kaskazini wa anga. Simama uani mchana wa mwezi wa sita uangalie kivuli chako: kinalala kuelekea kusini. Ukuta unaotazama kaskazini unapigwa na jua miezi yote hiyo, na ukuta wa kusini unabaki kivulini, udongo wake ukiwa na unyevu hadi jioni. Watu wengi hupanda mboga pale palipo na nafasi, au karibu na maji. Meloni ipande upande wa kaskazini wa nyumba, au kaskazini-mashariki, ili ilipate jua la asubuhi kabla mawingu ya alasiri hayajafika. Ukuta wa udongo au wa matofali ni mzuri kuliko wa mbao, kwa sababu unameza joto mchana na kulirudisha usiku. Kama una mawe meusi, yapange kuzunguka tuta. Yashike saa moja jioni, jua likiwa limeshazama, utayakuta bado yana uvuguvugu. Uvuguvugu huo ndio chakula cha mizizi usiku.

Jambo moja tu la kuepuka: usipande chini ya ukingo wa bati, pale maji ya mvua yanapomwagikia. Songa mbele hatua moja na nusu.

Baada ya ukuta ni kalenda, na hapa ndipo wengi tunapokosea. Mimi mwenyewe meloni ya kwanza niliipanda mwezi wa tisa, pamoja na maharagwe ya sezoni A, msimu wa kilimo unaoanza mwezi huo, kwa sababu huo ndio wakati kila mtu anashika jembe. Ilitambaa vizuri, ikatoa majani mapana, ikashika matunda. Kisha mvua za Novemba na Desemba zikayakuta matunda yakiwa yanakaribia kuiva. Mawili yalipasuka. La tatu nililikata mbele ya wageni, na lilikuwa na ladha ya tango. Sababu yake naijua sasa: tunda hujaza sukari katika wiki zake za mwisho, na sukari hiyo inatengenezwa na majani kwa nguvu ya jua. Wiki hizo zikiwa za mawingu na mvua, tunda linajaa maji tu.

Kwa hiyo hesabu kutoka mwisho kurudi mwanzo. Huku kwetu mvua hupungua kuanzia katikati ya Juni hadi katikati ya Agosti. Tunda la meloni mahali pa joto huhitaji kama siku 45 tangu ua kuchavushwa hadi kuiva, lakini kwa baridi ya Masisi jiwekee siku 55 hadi 60. Ukitaka kukata tunda mwanzoni mwa Agosti, ua lazima lishike mwanzoni mwa Juni. Ili ua lishike mwanzoni mwa Juni, mche uwe umeingia kwenye tuta kabla ya mwisho wa Aprili. Na ili mche uwe tayari wakati huo, mbegu iloweshwe wiki ya mwisho ya Machi. Ukichelewa hadi Mei, mvua za Septemba zitalikuta tunda bado bichi. Ule ukavu mfupi wa Januari na Februari hautoshi, usiutegemee.

Mbegu ni chache na ni ghali, kwa hiyo zitunze. Unaweza kununua za paketi Goma, au kuzitoa kwenye tunda lenyewe uliloletewa. Kama tunda lilitokana na mbegu chotara, watoto wake hawatafanana na mama. Wengine watakuwa wazuri, wengine hapana. Za paketi soma tarehe. Mbegu ya meloni iliyokaushwa na kufungwa vizuri hudumu hadi miaka 5, lakini paketi iliyokaa dukani juani mwaka mzima si ya kuaminika.

Usiiweke mbegu moja kwa moja ardhini. Mwezi wa tatu ardhi ya Lushebere imelowa na ni baridi, na humo mbegu itaoza. Iloweshe usiku mmoja kwenye maji ya uvuguvugu, kisha izungushie kitambaa safi chenye unyevu, ukiweke ndani ya kisahani, na kisahani ukiweke jikoni, karibu na mafiga lakini si juu yake, pale unapoweza kuweka kiganja chako bila kuungua. Jiko la kuni ambalo halizimiki kabisa ndiyo mashine bora ya kuotesha meloni tuliyo nayo vijijini. Kila asubuhi fungua uangalie, nyunyiza maji kidogo kitambaa kikikauka. Siku ya tatu au ya nne utaona ncha ya kila mbegu imepasuka na kitu cheupe kimechungulia, kifupi kama punje ya mchele. Hapo usingoje. Mzizi huo ukirefuka utavunjika mkononi.

Meloni, kama maboga na matango, haipendi mizizi yake kuguswa. Ndiyo sababu kitalu chake kisiwe kitanda cha miche kama cha kabichi. Tengeneza vikopo kwa magamba makavu ya mgomba: kunja gamba liwe kama kikombe, lifunge kwa kamba ya mgomba huohuo, lijaze udongo mweusi uliochanganywa na mboji iliyooza. Weka mbegu moja kwa kina cha sentimita 2, ncha iliyochipua ikielekea chini. Ukifika wakati wa kupanda, kikopo chote kinaingia ardhini pamoja na mche, na gamba litaoza lenyewe. Mche ukae kwenye vikopo wiki 3 hadi 4, mchana nje juani, usiku ndani ya nyumba. Ndiyo, uingize ndani kila jioni kama vifaranga. Ukisahau usiku mmoja wa baridi, hautakufa, lakini utasimama kukua kwa siku nyingi, na siku hizo huna za kupoteza.

Wakati miche ikiwa jikoni, tengeneza matuta. Tuta la meloni liwe la duara, upana wa mita moja, kimo cha sentimita 30 hadi 40. Udongo ulioinuliwa hupata joto haraka na hautuamishi maji. Kati ya tuta na tuta acha mita moja na zaidi. Chimba katikati ya kila tuta shimo la ndoo mbili na ulijaze samadi ya ng'ombe. Lakini samadi hiyo iwe imekaa miezi mitatu au zaidi, imekuwa nyeusi na hainuki tena. Samadi mbichi huunguza mizizi, na hata isipounguza, inaleta majani mengi yenye kiburi yasiyozaa. Juu ya samadi rudishia udongo, kisha changanya vikombe viwili vitatu vya jivu la kuni. Jivu lina potasiamu, ambayo mmea huitumia kusafirisha sukari kwenda kwenye tunda, na pia linapunguza uchachu wa udongo. Usizidishe: udongo wenye jivu jingi nao unaharibika.

Halafu funika tuta. Mfuko mweusi wa plastiki uliochanwa, au kipande cha bashi (turubai) kuukuu, ukikitandika juu ya tuta na kukibana kwa mawe wiki mbili kabla ya kupanda, utaupa udongo joto. Kata tundu katikati, pandia humo. Plastiki hiyo pia inazuia magugu, na inaliweka tunda mbali na tope. Nyasi kavu, ambazo ni nzuri kwa kabichi na vitunguu, hapa zinadhuru mwanzoni kwa sababu zinaupoza udongo. Zitakuwa na kazi baadaye, chini ya matunda.

Juu ya mche unahitaji paa. Mvua ya Aprili na Mei kwetu inapiga kwa nguvu, na pamoja na baridi inaleta ukungu kwenye majani machanga. Chomeka fito tatu zilizopindwa kama upinde juu ya tuta, tandika plastiki angavu, ile inayopitisha mwanga, na uache ncha mbili wazi ili hewa ipite. Jua likiwaka sana inua upande mmoja, jioni ushushe. Wiki ya kwanza ya Juni, maua yakianza, paa hilo lifunguliwe kila siku kutwa nzima, kwa sababu nyuki lazima waingie. Baada ya hapo lishushe usiku tu. Usiku wa Julai mbingu ziko wazi, nyota zinaonekana zote, na usiku wa namna hiyo ndio wenye baridi kuliko wote.

Hayo yote yanaonekana kazi nyingi kwa tunda moja. Ni kweli ni kazi. Lakini fikiria pia faida ya kitu kilicho hatua kumi kutoka mlangoni. Katika miaka hii ya vita, shamba la mbali linaweza kufungiwa njia siku yoyote, na mama aliyelipanda asilione tena hadi mavuno yamekwisha kuchukuliwa na wengine. Bustani ya nyuma ya nyumba unaiona ukifungua dirisha. Unaimwagia maji ya kuoshea mboga. Wapo waliokimbia makwao wakapata kwa mwenyeji kipande cha ardhi kisichozidi upana wa mkeka, na wakakilima. Kwa kipande kama hicho sikushauri kuanza na meloni. Lengalenga, vitunguu na maboga kwanza. Nitarudi kwenye maboga.

Mche ukishika na kutoa jani la tano, kata ncha ya shina kuu kwa kucha. Watu huogopa kufanya hivi, wanaona kama kuutia mmea jeraha. Sababu yake ni hii: shina kuu la meloni hubeba zaidi maua ya kiume. Maua yanayoshika tunda, ambayo kwenye meloni nyingi yana viungo vya kiume na vya kike pamoja, hutokea kwenye matawi ya pembeni, mara nyingi kwenye kifundo cha kwanza au cha pili. Ukikata ncha, matawi ya pembeni yanatoka mapema, na mapema ndilo neno letu kuu huku juu. Acha matawi mawili au matatu yenye nguvu.

Maua ya kwanza yatadondoka bila kuacha kitu, usihuzunike. Ni ya kiume. Baada ya siku kadhaa chungulia chini ya maua mapya. Lile lenye kivimbe cha kijani nyuma yake, kidogo kama punje ya haragwe, chenye vinyweleo laini kama shavu la mtoto, hilo ndilo. Asubuhi zenye ukungu nyuki hawatoki mapema, na ua la meloni hufunguka kwa siku moja tu. Basi fanya kazi ya nyuki mwenyewe. Kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, umande ukikauka, chuma ua la kiume lililofunguka siku hiyohiyo, ng'oa petali zake za manjano ubaki na kile kichwa cha katikati chenye vumbi, ukiguse taratibu ndani ya ua lenye kivimbe, ukizungusha mara mbili tatu. Ua moja la kiume linatosha kwa mawili. Funga uzi mwekundu kwenye kikonyo na uandike tarehe mahali. Tarehe hiyo utaihitaji.

Kivimbe kisipokua ndani ya siku nne kikawa cha manjano, hakikushika, jaribu jingine. Yakishashika matano sita, chagua mawili yaliyo bora uondoe mengine. Mahali pa joto mmea mmoja hulea hata matatu au manne. Lushebere uachie mawili, na kama mmea ni dhaifu uachie moja. Majani ya mmea mmoja, kwa jua letu la nusu siku, hayana uwezo wa kutia sukari kwenye matunda matano. Yatakuwa matano, na yote yatakuwa matango.

Maji yamwagwe chini, kwenye shina, asubuhi, kamwe yasimwagwe juu ya majani na yasimwagwe jioni. Mmea unaokua, kiangazi kikiwa kimeingia, unatosheka na nusu bidon ya lita 20 kila baada ya siku tatu. Lakini chomeka kidole kwanza, udongo ukiwa bado na unyevu kwa kina cha kidole kizima, acha. Maji ya leo mengi na ya kesho hakuna ndiyo yanayopasua matunda. Zikibaki kama siku 10 kabla ya kuvuna, punguza maji hadi majani yaonekane kuchoka kidogo mchana na kuamka jioni. Hapo sukari inakolea.

Ugonjwa utakaouona bila shaka ni ubwiri unga: madoa meupe kama unga wa muhogo juu ya majani, yakianza na yale ya chini. Unakuja hasa hewa ikianza kukauka, mwezi wa saba, wakati majani yanahitajika kuliko wakati wowote. Hapa Masisi ina dawa yake, na iko zizini. Mwaka 1999 mtafiti wa Brazil, Wagner Bettiol, alichapisha majaribio yake ya kunyunyizia maziwa mabichi ya ng'ombe kwenye mimea ya jamii ya maboga yenye ubwiri unga. Maziwa yaliyochanganywa na maji, sehemu moja ya maziwa kwa tisa za maji, au maziwa yakizidi hapo, yakipigwa kila wiki, yalifanya kazi sawa na dawa za dukani alizozilinganisha nazo. Maji ya maziwa yanayobaki baada ya kutengeneza jibini yamejaribiwa pia nchi nyingine juu ya ubwiri wa mizabibu, na yakasaidia. Na nani ana maji hayo kuliko watu wa Masisi, ambao fromaji zao za duara zinaliwa Goma hadi Kinshasa? Chukua glasi moja ya maziwa na glasi tisa za maji, nyunyiza asubuhi ya jua, juu na chini ya jani, anza kabla madoa hayajaenea. Rudia kila wiki. Ukizidisha maziwa majani yatanuka na kuota ukungu mwingine usiodhuru sana, kwa hiyo baki kwenye kipimo.

Maziwa hayatibu ubwiri vinyoya, ule wenye madoa ya manjano yenye pembe juu ya jani na vumbi la kijivu chini yake. Huo unaletwa na majani kulowa. Dawa yake ni lile paa la plastiki na kumwaga maji chini. Jani lililougua lichume ulichome moto. Vidukari wakijikusanya chini ya majani machanga wasugue kwa maji ya sabuni mapema, maana wanabeba virusi. Mmea ukikunjamana na kuwa na mabaka ya kijani na manjano, ung'oe siku hiyohiyo.

Adui wa tunda lenyewe ni inzi wa matunda. Anatoboa ganda likiwa bado laini, anataga, na funza wanakula ndani huku nje tunda linaonekana zima. Dawa yake ni rahisi na ni ya uhakika: tunda likifikia ukubwa wa yai la kuku, livishe mfuko wa karatasi au wa kitambaa chepesi, funga kwenye kikonyo. Usitumie plastiki, tunda litatoa jasho na kuoza. Tunda lililotobolewa usilitupe kwenye mboji. Lizike nusu mita chini, la sivyo umefuga inzi wa mwaka ujao. Chini ya kila tunda weka kipande cha ubao, kigae, au zile nyasi kavu. Kuku na mbuzi nadhani sina haja ya kuwataja: zungushia ua.

Kuna hofu moja ambayo nimeisikia mara nyingi, kwamba meloni ikipandwa karibu na tango au boga inaharibika ladha kwa kuchanganya mbegu. Si kweli. Meloni haizai na boga, na ingawa ni ndugu wa tango, haizai nalo pia. Hata ikichavushwa na meloni ya aina nyingine, mabadiliko yataonekana kwa watoto wa mbegu hizo, mwaka unaofuata. Nyama ya tunda la leo haibadiliki. Tunda likiwa na ladha ya tango, laumu msimu, kivuli, au mikono iliyolivuna mapema.

Kulivuna mapema ndiko kunakoharibu kazi ya miezi minne. Aina nyingine za meloni, zile zenye ganda la wavuwavu, zikiiva zinajikata zenyewe kwenye kikonyo. Hii haifanyi hivyo. Itabaki kwenye kikonyo hata ikioza. Na haina wanga wa kugeuka sukari baadaye kama ndizi. Siku unayoikata ndiyo siku utamu wake unapoishia. Italainika ndani ya nyumba, lakini haitaongeza utamu. Kwa hiyo rudi kwenye tarehe uliyoiandika. Zikipita siku 50 anza kulikagua kila asubuhi. Kwanza rangi: ule ukijani unaondoka, ganda linakuwa jeupe la maziwa, kisha linaingia rangi ya siagi. Pili mkono: tunda bichi lina vinyweleo vidogo sana unavyovisikia ukipitisha vidole, likiiva vinatoweka, ganda linakuwa kama limepakwa nta, na vidole vinanata kidogo. Tatu kitako, upande wa pili wa kikonyo: bonyeza kwa dole gumba, kiwe kimelegea kidogo sana, na ukinusa upate harufu ya utamu. Dalili zote tatu zikikutana, kata kwa kisu, uache kikonyo cha sentimita 3. Liweke ndani siku mbili mahali pa baridi, na baridi tunayo, halafu ita familia.

Walio Walikale watakuwa wanasoma haya ya kubeba miche ndani usiku na kushangaa. Kwao mambo ni kinyume. Kila ukishuka mita 100 joto huongezeka kwa takriban nyuzi 0.6, na kutoka vilima vyetu hadi misitu ya Walikale unashuka mamia ya mita. Joto wanalo la bure. Tatizo lao ni mvua na hewa nzito ya msitu. Huko weka paa la plastiki msimu mzima, pande zote nne ziwe wazi, na usiiache meloni itambae chini. Isimamishe kwenye kichanja cha fito, matunda uyabebe kwenye vifuko vya wavu au kitambaa vilivyofungwa juu. Ardhi usiifunike kwa plastiki nyeusi, tumia nyasi. Loweka mbegu mwanzoni mwa Aprili ili tunda liive Julai, mvua zikiwa zimepungua kidogo.

Na maboga, kama nilivyoahidi. Boga ni ndugu wa meloni aliyezoea huku. Tuta lilelile, samadi ileile, lakini halihitaji jiko, plastiki wala maziwa. Majani yake ni mboga, hiyo bisusa tunayoipika na karanga, yanachumwa wiki baada ya wiki kabla boga lenyewe halijakomaa. Tunda lake lenye ganda gumu hukaa darini miezi kadhaa, na mbegu zake zinakaangwa. Meloni inakupa matunda mawili kwa mmea, siku chache za furaha, na mbegu. Mimi naipenda na nitaipanda tena Machi ijayo, kwa sababu mtoto aliyeonja tunda hilo likiwa limekatwa nyumbani kwao halisahau, na kwa sababu sioni kwa nini kitu kitamu kiwe cha kununua Goma tu. Lakini sumu ya bustani ni kukipa kilicho kitamu nafasi ya kile kinacholisha. Kama ukuta wako wa kaskazini una nafasi ya matuta manne, matatu yawe ya maboga.